Klayenti ataka tugawane hasara ya mjengo nusu kwa nusu, nikubali ama ni mtego?

#1 Kontrakta_Bamburi
Salaam wanajamvi. Kuna klayenti wa Nyali anataka nimjengee flati, ghorofa tatu, na badala ya bei moja ya BQ (orodha ya kazi na vifaa na bei zake) kama tulivyozoea amekuja na mkataba wa aina nyengine. Anasema gharama tunayolenga ni milioni 24 na faida yangu milioni 2.4, kwa hivyo bei lengwa ni 26.4. Gharama ikishuka chini ya 24, kile kilichookolewa yeye achukua 60 kwa mia mimi 40. Ikipanda tunabeba nusu kwa nusu, lakini kuna dari, hata iwe vipi yeye hatoi zaidi ya milioni 28.4 jumla. Atalipa kwa risiti kila mwezi, vitabu viwe wazi na QS wake (mkadiria gharama za ujenzi) akague.
Mimi naona mkataba wa kugawana hasara ni wa kumkandamiza kontrakta tu. Jumba ni lake, kodi atakula yeye miaka na miaka, mimi nikimaliza nafungasha mbao zangu naenda, sasa hasara yake naibeba ya nini? Nipeni maoni, haswa nyinyi mlioko kwa miradi mikubwa.

#2 Mwashi_Mtwapa
Kimbia ndugu yangu. Mtu akianza kukuhesabia hasara kabla ya msingi kuchimbwa ujue ashaiona.

#3 QS_Tudor
Kaka usikimbie kabla hujapiga hesabu. Chukulia umemaliza kwa milioni 22. Mumeokoa 2, fungu lako ni laki 8, faida yako inakuwa 3.2 na yeye analipa 25.2 badala ya 26.4. Nyote mumefaidi. Sasa chukulia imefika 26, mumezidisha 2, nusu yako milioni 1, bado wabakiwa na faida ya 1.4. Kwa bei moja ya BQ ya 26.4 gharama ikifika 26 ungebaki na laki 4 peke yake, sasa upi unakukandamiza?
Angalia hapa lakini. Gharama ikifika milioni 28 mumezidisha 4, nusu yako ni 2, faida imebaki laki 4, na malipo ya klayenti ni 28.4 kamili, yaani umegonga dari. Kuanzia hapo kila shilingi ni yako peke yako, hakuna nusu tena. Kwa hivyo swali lako la nusu kwa nusu sio swali, swali ni 24 imetoka wapi na kazi yenyewe yaweza kufika 28 ama haiwezi.

#4 Kontrakta_Bamburi
Shukran dada, hio ya 28 sikuwa nimeitazama hivo. 24 ameitoa kwa QS wake, kutoka kwa michoro.

#5 Mwashi_Mtwapa
Si nilisema kimbia, QS wake, michoro yake, pesa zake, wewe wako ni jasho tu.

#6 Maalim_Kuze
Assalaam alaykum. Hapa kuna jambo watu wanalipita. Katika mudharaba, ushirika wa biashara wa Kiislamu, mwenye mali hutoa mali, mfanyaji hutoa kazi, faida hugawanywa kwa walivyopatana lakini hasara ni ya mwenye mali, isipokuwa mfanyaji amefanya uzembe au amevuka mipaka ya makubaliano. Mfanyaji hasara yake ni kwamba nguvu zake zimepotea bure. Katika musharaka hasara hufuata kiasi cha mali aliyoweka kila mmoja. Huyu ndugu hakuweka mali, ameweka kazi, basi kumtoza nusu ya hasara ni kumtoza kwa kitu asichokuwa na fungu ndani yake. Kama klayenti ataka bei yake ijulikane basi wafanye istisnaa, jengo la sifa kadha kwa bei kadha, ikizidi ni juu ya mjenzi maana yeye ndiye aliyeuza.

#7 QS_Tudor
Maalim kwa heshima, nakubali hesabu ya mudharaba lakini hii sio biashara ya kugawana faida ya nyumba, ni ujira. Faida ya 2.4 ni ujira, na wamekubaliana ujira uongezeke ukifanya vizuri na ushuke ukifanya vibaya. Kabla gharama kufika 28.4 kontrakta hatoi hata senti mfukoni mwake, anapunguziwa ujira tu. Juu ya hapo ndio anatoa.

#8 Maalim_Kuze
Ujira sharti ujulikane, mwanangu. Ukiwa haujulikani mpaka jengo limalizike hapo umeingia gharar, yaani biashara ya shaka. Mimi naona bora bei moja, au mjenzi alipwe kazi yake na mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe.

#9 Injinia_Likoni
Tutoke kwa nani mwenye mali twende kwa nani anaweza kuizuia hio hasara isitokee. Kanuni ya kawaida ya mikataba ni kwamba hatari apewe yule anayeweza kuidhibiti. Kasi ya kazi, vibarua wangapi, saruji ngapi inamwagika, hizo ni za kontrakta, azibebe. Lakini ardhi sio ya kontrakta. Hapa kwetu kisiwani na mpaka Nyali chini ni matumbawe, waweza kuchimba futi sita ukapata jiwe gumu na hatua nne mbele ukapata pango, ama kisima cha zamani, ama choo cha shimo kilichofukiwa na hakimo kwenye mchoro wowote. Gharama ya kujaza zege humo ukimwambia kontrakta abebe nusu umemwadhibu kwa jambo ambalo hata angekuwa malaika hangelizuia. FIDIC Red Book ya 1999, mkataba wa ujenzi wa kimataifa, kifungu 4.12 kinampa kontrakta nafasi ya kudai hali ya ardhi ambayo isingeweza kutabiriwa. NEC, mkataba wa ujenzi wa Waingereza, pia, ile iliyotoka mara ya kwanza 1993, ina kifungu chake.
Na hapa ndipo watu hawaelewi mikataba ya gharama lengwa. Kwenye NEC Option C, ambayo ndio baba wa hii anayoletewa jamaa, tageti haisimami mahali pamoja. Mwenye jengo akibadilisha mchoro, ardhi ikileta mambo, tageti yenyewe inapanda. Mgao unahesabiwa juu ya tageti iliyorekebishwa. Kontrakta uliza: je tageti yako inasonga ama imepigiliwa msumari?

#10 Kontrakta_Bamburi
Nimesoma tena makaratasi. Hakuna mahali pamesema itasonga. Imeandikwa tu "gharama lengwa itakuwa milioni 24".

#11 Injinia_Likoni
Basi huo umechukua mgao wa NEC ukaacha kinga ya NEC.

#12 Serikalini_Tu
Nyinyi mna raha ya kubishana, sisi wa kandarasi za kaunti hatuna mambo ya tageti. Sheria ya ununuzi inasema kazi ikizidi asilimia 15 ni kutangaza upya.

#13 QS_Tudor
@Serikalini_Tu hapana, 15 ni ya bidhaa na huduma. Kifungu 139 cha sheria ya 2015 kinasema kwa kazi za ujenzi mabadiliko ya kiasi yasizidi asilimia 20, na mabadiliko yote yakijumlishwa yasipandishe bei ya mkataba zaidi ya asilimia 25. Alafu bei yenyewe haipandishwi kabisa ndani ya miezi 12 tangu kusaini. Na hio ni ya taasisi za umma, huyu ni mtu binafsi na nyumba yake.

#14 Serikalini_Tu
20, sawa, asante. Lakini hio ya miezi 12 ndio imeua watu. 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 kuanzia Julai, kila lori la kokoto likaongeza bei, na shilingi nayo ikazidi kuteremka mpaka Januari 2024 dola ikawa karibu 160. Kuna kontrakta namjua alikuwa amesaini mapema mwaka huo, nondo na vigae vyote vya kutoka nje, akawa anajenga huku anauza ploti. Miezi michache baadaye dola ikarudi 130 hivi, ashauza. Hasara hio ilikuwa ya nani? Sio yake, sio ya ofisi iliyompa kazi, lakini mkataba ulisema ni yake yote. Nusu kwa nusu ningeipokea kwa mikono miwili.

#15 Mwashi_Mtwapa
Na aliyesaini Januari 2024 kwa bei ya dola 160, iliposhuka alirudisha chenji? 😂

#16 Serikalini_Tu
@Mwashi_Mtwapa hakurudisha, na ndio bei moja ilivyo, ikikupiga ni wewe ikikubariki ni wewe.

#17 Bi_Kiembeni
Nyote mwaongea kama makontrakta, wacha na mimi niongee kama mwenye nyumba. Nilikuwa Doha najenga Kiembeni, na fundi wangu tulikubaliana alipwe asilimia 10 ya gharama. Yaani kila akinunua ghali na yeye anapata zaidi! Saruji ilikuwa inakuja kwa bei ambayo dukani haipo, mbao za formu zinanunuliwa mpya kila slabu. Risiti zote ninazo, hakuna hata moja ya uongo, pesa zilitumika kweli, lakini hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuzizuia. Kwa hivyo huyo klayenti wa Nyali namuelewa sana, anataka mtu wa saiti aumie kidogo pesa ikimwagika. Kidogo tu, sio kumuua.

#18 Injinia_Likoni
Bi_Kiembeni huo wa asilimia juu ya gharama, serikali ya Marekani imeupiga marufuku kwenye kandarasi zake tangu zamani kwa sababu hio hio uliyoiona. Wanaruhusu kulipa gharama na ada, lakini ada isiwe inakua na gharama. Kisha miaka ya 60 McNamara alipokuwa waziri wa ulinzi akasukuma sana mikataba ya motisha, ile ya ukiokoa unapata fungu, ukizidisha unakatwa. Hesabu alizopiga QS_Tudor pale namba 3 ni zile zile za kwao, gharama lengwa, faida lengwa, dari, mgao, na nukta ambayo kuanzia hapo kontrakta anabeba yote.

#19 Nahodha_Kibokoni
Na zimewasaidia? Boeing walichukua ndege za kujazia mafuta angani za jeshi la Marekani, KC-46, mwaka 2011, mkataba wa aina hio hio wa dari, dari dola bilioni 4.9. Wameshakula hasara ya zaidi ya bilioni 7 mfukoni mwao. Serikali haikuongeza dari. Ukiwa Boeing utapona, ukiwa Kontrakta_Bamburi utapona?

#20 QS_Tudor
Nahodha hio inathibitisha nilichosema, dari ndio inayoua, sio mgao.

#21 Nahodha_Kibokoni
Inathibitisha kwamba mwenye kubeba awe mwenye kifua. Tazameni Heathrow Terminal 5 (T5), jengo la uwanja wa ndege wa London. BAA, kampuni iliyokuwa na uwanja huo, ndio mwenye mali, akasema hatari zote nabeba mimi, makontrakta nawalipa gharama zao na faida tuliyokubaliana, tukiokoa tunagawana. Ikafunguliwa Machi 2008 kwa bajeti ya pauni bilioni 4.3. Jitu likubwa vile na ugomvi haukuwa kama wa miradi mengine.

#22 Serikalini_Tu
Siku ya kufungua mizigo ya watu si ilipotea na ndege zikafutwa.

#23 Nahodha_Kibokoni
Hio ni mambo ya kuendesha mizigo, sio ya kujenga. Usichanganye.

#24 Injinia_Likoni
@Nahodha_Kibokoni upande wa pili wa hio yako ni bunge la Scotland. Holyrood pia mwenye mali alibeba hatari yote, walitumia mfumo ambao kila fundi mkuu ana mkataba wake na mwenye jengo mwenyewe, hakuna bei ya jumla. Ilianza inatajwa pauni milioni 40, ikaisha 414 mwaka 2004. Lord Fraser alipochunguza mfumo huo wa mkataba ulikuwa kati ya vitu vikubwa alivyovilaumu. Tofauti ya T5 na Holyrood sio nani alibeba, wote walibeba wenye mali. Tofauti ni kwamba BAA alikuwa anajua anachobeba na ana watu wake saiti kila siku, kule walikuwa bado wanachora huku wanajenga.

#25 Bi_Kiembeni
Kuchora huku unajenga, hapo mmenigusa. Mimi mwenyewe nilibadilisha ngazi na jikoni, na gharama ile sikumdai fundi, ilikuwa yangu.

#26 Mwashi_Mtwapa
Mwaleta mabunge na ndege. Wavuvi wa hapa wanatatua hili kila asubuhi. Chombo kikirudi, mafuta na barafu hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa, fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Bahari ikikosa samaki, mwenye chombo kakosa na baharia kakosa. Hakuna anayemwambia baharia lete pesa ya mafuta kutoka nyumbani.

#27 QS_Tudor
Mwashi hapo umenena, na ndio tofauti ya juu ya dari na chini ya dari. Chini ya dari baharia anakosa fungu. Juu ya dari anaambiwa alete mafuta.

#28 Nahodha_Kibokoni
Sikubali. Baharini hasara ni ya Mungu, saiti hasara nyingi ni za watu.

#29 Fundi_Chuma_Changamwe
Niwaulize wasomi, huko kuokoa kunatoka wapi? Mimi nafunga nondo. Nikiambiwa tukiokoa tunagawana, njia rahisi naijua, nondo ya 12 inakuwa 10, ringi zinaachana, mchanga unatolewa karibu na bahari badala ya kununuliwa. Mchanga wa bahari una chumvi, na hewa yetu yenyewe ni chumvi, miaka michache tu nondo inashika kutu inavimba inapasua zege, unaona slabu inamenyeka kwa chini chuma kinaonekana. Hizo nyumba ziko nyingi sana mji huu na wenyewe wanapaka rangi kila mwaka wakidhani ni maji. Muda wa kurekebisha kasoro umeisha zamani, kontrakta ameshakula asilimia 40 yake. Huyo klayenti wa Nyali yuko ufuoni kabisa. Kwa bei moja shida ni hio hio, hata zaidi, kwa sababu kila anachobana ni chake chote. Mimi nasema chuma na zege zisiingie kwenye mgao kabisa. Mgao uwe kwa vibarua, mbao za formu, muda, usafiri.

#30 Injinia_Likoni
Fundi_Chuma post bora ya uzi huu. Kutenga ni ngumu kwenye vitabu lakini kuna njia, akiba ihesabiwe tu ikiwa injinia wa muundo amesaini kila slabu kabla ya kumwaga, unene wa zege juu ya nondo upimwe, na mchanga uwe na karatasi ya unapotoka. Ila mjue kitu cha ajabu cha NEC, kazi mbovu ikibomolewa na kurudiwa kabla ya kukabidhi jengo, kwa kawaida inaingia kwenye gharama ya kugawana, baada ya kukabidhi ndio inakataliwa. Watu wengi huibadilisha hio.

#31 Bi_Kiembeni
Yaani ukuta ukipinda kwa uzembe wa fundi mimi nalipa nusu ya kuubomoa?? La.

#32 Injinia_Likoni
Hoja yao ni kwamba ukimwadhibu kwa kila kosa ataficha makosa, ukigawana atakuonyesha mapema. Mimi nimeona yote mawili yakitokea.

#33 Maalim_Kuze
Anayefanya uzembe hubeba uzembe wake. Hapo hakuna nusu.

#34 Kontrakta_Bamburi
Nimeongea na klayenti jioni. Msimuone mbaya, ni mtu mzuri, alidhulumiwa kwenye jumba lake la kwanza ndio akaja na haya. Amekubali tageti isonge akibadilisha mchoro. Ardhi amekataa, asema nikachimbe mashimo ya kupima kwanza kabla ya kusaini, kwa gharama yake yeye. Na amesema mgao wa hasara uwe nafuu kwangu, tukizidisha mpaka milioni 1.2 ni nusu kwa nusu, kupita hapo yeye 70 mimi 30. Dari ibaki 28.4. Hii si imekuwa nzuri?

#35 QS_Tudor
Piga hesabu ndugu yangu. Yeye juu ya bei lengwa ana nafasi ya milioni 2 tu mpaka dari. Kwa 1.2 ya kwanza anatoa laki 6, imebaki 1.4, na sasa anatoa 70 kwa mia, kwa hivyo inaisha ukizidisha milioni 2 nyengine. Umegonga dari gharama ikiwa 27.2 badala ya 28. Hapo faida yako bado ni 1.2, na kwa mgao wa mwanzo ungekuwa na laki 8, kwa hivyo katikati umepata nafuu ya kweli. Lakini ukifika 28 mikataba yote miwili inakuacha na laki 4, na juu yake ni sawa sawa, yako yote. Amekusogezea ukuta karibu akakuwekea godoro mbele yake. Kama anamaanisha 70 kwa 30 basi dari iende 31.2, hapo ndipo faida yako inakwisha.

#36 Serikalini_Tu
31.2? Hakuna benki itamkopesha mtu aseme nyumba itakuwa kati ya 24 na 31. Dari iko kwa sababu ya benki dada yangu, sio roho mbaya.

#37 QS_Tudor
Basi asiseme ni 70.

#38 Nahodha_Kibokoni
Mimi bado nauliza 24 imetoka wapi. Mkataba wa tageti vita vyote viko siku ya kuandika tageti. Kontrakta mjanja anataka 27 ili "aokoe", klayenti mjanja anataka 22. Kontrakta_Bamburi piga BQ yako mwenyewe, usimuonyeshe mpaka umemaliza.

#39 Bi_Kiembeni
Na vitabu wazi viwe pande zote, yeye naye aonyeshe QS wake alipata vipi 24. Sio kontrakta peke yake avuliwe nguo.

#40 Kontrakta_Bamburi
Nimeielewa. Nitamwambia hivi: mashimo ya kupima kabla ya kusaini na tukipata pango baada ya hapo tageti isonge. Nondo, saruji na mafuta zifuate bei ya siku ya kusaini, zikipanda tageti inapanda, zikishuka inashuka. Chuma na zege nje ya akiba kama alivyosema Fundi_Chuma. Mgao ubaki nusu kwa nusu, dari 30.

#41 Mwashi_Mtwapa
Hio si tageti tena, umemrudishia kila kitu, atakubali ya nini?

#42 Injinia_Likoni
Hajamrudishia vibarua na muda, na huko ndiko pesa ya saiti inakopotelea. Ila bei za vifaa tafuta namba ya kufuata ambayo nyote hamuwezi kuichezea, sio bei ya duka la shemeji yake.

#43 Fundi_Chuma_Changamwe
Na nani anamlipa injinia wa kusaini slabu? Akilipwa kutoka kwenye hio 24 mtakuwa mwamwita mara moja kwa nyumba nzima.

#44 QS_Tudor
Alipwe na klayenti, nje ya tageti. Na QS pia.

#45 Serikalini_Tu
QS ashajipangia ya kwake 😄

#46 Maalim_Kuze
Mimi nabaki pale pale, bei moja na sifa ziandikwe. Lakini mkiandika haya, muandike pia ni nani atakayeamua mkikhitilafiana, na mumtaje kwa jina kabla ya kuchimba.